Mkono Ulioshika Tawi

Mwanangu Mwanahawa,

Sasa hivi umeruka kando, na kuruka kwako ndiko kulikonikalisha hapa.

Nilikuwa uani, kamera nimeitegemeza tumboni, wewe unaanua kanga zako kwenye kamba. Nyuma yako msufi ulikuwa mweupe tupu, matunda yamepasuka, sufi zinapeperuka mpaka kwenye nywele zako, na jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya paa la jiko. Nikainama nikakutafuta ndani ya kile kioo kidogo cha juu. Ukawa mle ndani, mdogo kama punje, lakini ni wewe kabisa, hata ile tabia yako ya kushika pindo la kanga kwa meno. Halafu ukageuka, ukaiona kamera, ukaruka. Ulijibana kwenye ukuta wa jiko, ukanyoosha mkono ukaivuta na kamba ya nguo ili nayo isionekane. Ukasema, "Samahani mama, nishatoka. Piga."

Hukuwa unanitania. Ningejua. Ulisema kama mtu anavyompisha mwenziwe kwenye njia nyembamba.

Mimi nilitaka kukuambia rudi, leo ni wewe ninayekutaka. Nikabaki kuitazama ile kamba uliyoivuta. Nilipoinua macho, jua lilikuwa limeshaanguka nyuma ya minazi, na kamera ile unaijua, bila jua ni sanduku tu. Nikasema, "Haya, basi." Nikaingia ndani kama mwizi.

Kesho lori la nazi litakupitia kabla hakujapambazuka, likufikishe Muheza kwenye gari moshi. Jua litakapotoka hapa, wewe hupo. Kwa hiyo naona bora niandike, barua niitie ndani ya foronya ya mto wako wa sufi, uikute huko shuleni ukiwa umelala peke yako. Mambo ya sabuni, na kuamkia wakubwa, na kutokula ovyo vya watu, bibi yako kesha kukuusia tangu juzi mpaka umeanza kusinzia. Siyarudii. Mimi nina langu, nalo si zuri.

Mchana nilipokuwa nakupangia nguo kwenye sanduku la bati, nilikikuta kile kipande cha picha ulichokibandika ndani ya kifuniko. Umekibandika kwa utomvu wa fenesi, umekilainisha vizuri, pembe zote zimelala. Kipande chembamba, upana wa vidole viwili. Ndani yake hamna kitu ila mkono wa mtoto umeshika tawi la mkomamanga. Nilikifunika haraka kwa gauni lako, kama vile nimemkuta mtu anaoga. Sijakuambia kwamba nimekiona. Ndiyo maana nilikwenda kuichukua kamera, filamu ikiwa imebakiza picha moja tu.

Mkono ule niliukata mimi. Unajua, maana ulikuwepo. Lakini hatujapata kulizungumza, na mama asiyezungumza jambo humwachia mtoto alizungumze peke yake.

Wewe ulikuwa bado mdogo nilipokuwa yaya kule kwenye nyumba za wazungu wa shamba la mkonge, kwa yule memsabu, mke wa injinia. Yeye ndiye aliyenipa kamera, alipopata mpya. Mimi niliyeishia darasa la nne nikaolewa, mtu ambaye watu wakituona njiani wanadhani ni dada yako, nikapewa kitu cha namna ile mkononi! Sikulala. Filamu ya kwanza niliiharibu yote. Nilipiga picha mbili, nikafungua nyuma kutazama kama zimeshika, kama mtu anavyofunua chungu kuangalia maji ya wali yamekauka. Fundi picha wa mjini akairudisha nyeusi tititi. Akaniuliza kama nilikuwa napiga picha usiku ndani ya gunia.

Filamu ya pili ndiyo ya kufagia. Hii bibi yako anaisimulia kwa kila mgeni, lakini haisimulii mpaka mwisho kwa sababu mwisho wake haujui. Memsabu aliniambia anataka kuona pori, picha ya pori lenyewe, chini ya msufi, kule kwenye majani makavu. Mimi nikaamka alfajiri nikachukua ufagio wa chelewa nikapafagia. Nilifagia majani, nikafagia sufi zilizoanguka, nikanyunyiza maji vumbi litulie, kama uwanja wa harusi. Nilijiambia siwezi kupeleka mahali pachafu kwa mtu wa watu. Picha ikatoka, msufi umesimama, na chini yake mistari ya ufagio imepangika kama nywele zilizochanwa. Memsabu alicheka mpaka akakaa. Akaniuliza, nani hufagia pori? Bibi yako naye aliposikia akasema, "Mkwe wangu leo kafagia mwitu, kesho mtamkuta anapiga deki mto."

Nilicheka nao. Lakini nilichojifunza siku ile nilikijifunza kombo. Memsabu alinieleza kwa upole kwamba picha ya pori isiwe na alama ya mtu. Isiwe na ufagio, isiwe na kamba ya nguo, wala paa la makuti, wala chungu. Mtu akitazama adhani hapajapata kukanyagwa. Yeye alikuwa anazungumzia picha. Mimi nikasikia nyumba yangu. Nikasikia kwamba kila kilicho chetu kinachafua, na kwamba uzuri unaanzia pale sisi tunapoishia. Hakusema hivyo, namtolea ushahidi. Nilijisemea mwenyewe, nikaamini.

Tangu hapo nikawa sifagii majani tena. Nilifagia watu.

Masika, kijito kilipopanda mpaka kwenye migomba, ulisimama majini umenyanyua gauni, unachekea samaki waliokupita miguuni. Nikakuambia toka, unanitibulia maji. Kipupwe, ukungu uliposhuka kutoka milimani ukalala juu ya michungwa, ulikuwa unaota moto na bibi yako. Nikauzima moto ule kwa maji, moshi usiingie pichani, mkatetemeka wawili hapo mpaka nimalize. Vuli walitoka kumbikumbi. Ulikuwa unawakimbiza na ungo, kanga imekuanguka, unapiga kelele za furaha, na jua la jioni linapita katikati ya mbawa zao. Nikakufokea usimame nyuma yangu. Picha ile ninayo kwenye kopo la biskuti pamoja na zingine. Ni utusitusi na vidoa vyeupe, kama unga umemwagika. Kumbikumbi kamera yangu haikuwaweza. Wewe ingekuweza, maana ungesimama kama ningekuomba.

Uliniuliza mara nyingi, "Mie lini, mama?" Nikakujibu filamu hii ni ya masika. Ukarudi baadaye, nikakujibu hii ni ya maua ya michungwa, yanaanguka kesho kutwa, wewe uko tu. Neno hilo nililisema zaidi ya mara moja, wewe uko tu. Misimu yote ikapata filamu yake. Leo nimelimwaga kopo zima kitandani nikatafuta. Nina msufi uchi, na msufi wenye majani, na msufi uliotoa sufi. Nina kinyonga, nina viota vya minana kwenye mnazi, nina kijito kikijaa na kikikauka. Nina hata picha ya bibi yako, ile ya harusi ya jirani, unaikumbuka? Fundi picha aliniambia kamera ina kiwaya kidogo pembeni, ukikivuta jicho lake linabaki wazi hata ndani ya nyumba, mradi uiweke juu ya meza, iwepo taa kubwa ya karabai, na anayepigwa asitikisike hata kope. Nikamkalisha bibi yako mbele ya karabai ya harusi. Akamwona inzi, akacheka, picha ikatoka ana vichwa vitatu. Akasema, "Ndivyo mkwe wangu anionavyo." Wewe usiku ule ulikuwa nyuma yangu. Nilikusimamisha hapo ushike pazia.

Mimi ni mama yako, kesho unaondoka, na sina picha yako hata moja. Nilicho nacho ni mkono, nao uko kwenye sanduku lako, si langu.

Sasa nikuambie habari ya mkono.

Yule ndege chozi alijenga kwenye mkomamanga nyuma ya jiko, na ni wewe uliyemwona kwanza. Ulinivuta kanga ukanionyesha, kiota kimening'inia kama kifuko cha tumbaku, ndani kaweka sufi za msufi wetu. Kilikaa kivulini, tawi moja nene limekiziba. Kulikata hatukuweza, maana ndege angekimbia na jua lingewaunguza makinda. Ukasema utalishika wewe. Ulisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono mmoja umelisogeza tawi, mkono wa pili umeshika sinia unalirudisha jua mpaka kwenye mlango wa kiota. Siafu walikupanda mguuni nikawaona, nawe hukujikuna. Mimi nilikuwa mbali, kwa sababu kamera ile haitaki kitu cha karibu, ukikaribia unapata ukungu. Yule ndege akaja, akatia kichwa. Nikapiga.

Haikupata kutoka picha kama ile mkononi mwangu. Hata fundi picha aliitoa nje akaitazama juani. Na pembeni, upande wa kushoto, mkono wako.

Nilichukua wembe wa baba yako. Nilikuwa hapa hapa chumbani, na picha niliilaza juu ya sinia hili hili ninaloandikia sasa. Wewe ulikuwa umekaa kitandani unatazama. Nilikwambia, "Memsabu hapendi watu." Nikakata. Kipande kikaanguka sakafuni, nami nilidhani kimefagiliwa.

Kama ingeishia hapo ningeweza kujitetea. Lakini kulikuwa na siku ile ya chai, memsabu kaiweka picha kwenye fremu, wageni wake wanaipitisha mkono kwa mkono, mimi nimesimama barazani na wewe umenishikia birika. Mgeni mmoja aliuliza, tawi hili limejisogezaje namna hii, mbona ndege hakuogopa, nani kalishika? Memsabu akanitazama mimi nijibu. Mwanangu, alinitazama kwa wema. Angefurahi kujua. Nimelifikiri jambo hili sana, na najua angefurahi, pengine angekuita ukae. Na mimi nilikutazama, gauni lako lilikuwa lile la viraka viwili mgongoni, miguu ina vumbi la njiani. Nikaona haya. Nikasema, "Upepo, memsabu."

Ulilisikia. Birika halikutikisika.

Ulipofika nyumbani ukawa mcheshi. Bibi yako alipouliza nani kamaliza nazi iliyokunwa, ukasema, "Upepo, bibi." Nani kaacha mlango wazi? Upepo. Nani kavunja kata? Upepo. Watu walicheka, baba yako alipokuja kutoka kwenye mashine ya mkonge naye akacheka, nyumba nzima ikalizoea neno. Mimi nilicheka kuliko wote. Kila ulipolisema nilikuwa natazama uso wako nione kama unanichoma makusudi. Sikupata kujua. Leo, baada ya kukiona kile kipande, bado sijui. Labda hukukiweka kwa uchungu. Labda ulikiweka kwa sababu ndiyo picha pekee uliyonayo, na mtu hutaka kuwa na picha yake. Sijui lipi kati ya hayo linaniuma zaidi.

Sikuandikii hivi ili unionee huruma, wala ili uniambie si kitu mama. Usiniambie. Nimeliona litakalokukuta huko, nami ndiye niliyekupa mbegu yake. Utalala bwenini na watoto wa makarani na wa walimu. Mmoja wao atakuuliza kwenu kukoje. Na mdomo wako utataka kufagia. Utataka kuondoa makuti, uondoe bibi yako na utani wake na meno yake mekundu ya tambuu, uniondoe na mimi. Sitakuambia usione haya, kwa sababu haya huja yenyewe kama chafya, hupati kuichagua. Lakini mimi nimeona jambo moja kwenye kopo langu la biskuti. Picha zangu nzuri zote ni baridi. Zimefagiliwa. Mtu akizitazama hawezi kujua kwamba yule ndege alitia sufi kwenye kiota chake nyuma ya jiko la watu, na kwamba kulikuwa na mtoto juu ya kinu anaumwa na siafu akavumilia kwa ajili ya mama yake. Kilichokuwa kizuri siku ile nilikikata.

Basi wewe wakikuuliza, uwaambie utakavyo. Ukificha sitakasirika, nitajua umetoka kwa nani. Ila ukipata siku moja nguvu ya kusema mama yangu alifagia pori akapiga picha, sema, watacheka, na utaona kwamba kuchekwa hakuui. Mimi nilichekwa sikufa. Niliponyamaza ndipo nilipopungukiwa.

Nami nina tumaini, Mwanahawa, unajua sikosi tumaini hata kwenye shamba lililoliwa na nguruwe. Nimefikiri hivi. Kwetu msafiri akitoka hatufagii nyumba siku ile, asije akawa amefagiliwa mwenyewe. Kwa hiyo kesho uwanja huu utabaki na nyayo zako, kutoka mlangoni mpaka kwenye njia ya lori, na jua likishapanda juu ya michungwa nitasimama hapo nizipige kwa ile picha moja iliyobaki. Zitakuwa nyayo tu. Lakini nitazipiga na kamba ya nguo ikiwa mahali pake, na paa la jiko, na ufagio umelala, na bibi yako akitaka kukaa mbele akae na vichwa vyake vitatu. Halafu nitakuletea

Baba yako kaingia uani na karabai aliyoiazima dukani kwa ajili ya majirani watakaokuja kukusomea dua. Namsikia anaipiga pampu, na bibi yako anamwambia taratibu asije akatuchomea nyumba siku ya kumuaga mtoto. Mwanga unapita chini ya mlango mpaka kwenye karatasi. Sikujua kama ni mkubwa namna hii, naona hata vumbi la sufi kwenye

Ni wewe. Uko nje ya mlango unaniita. Unasema niache kuandika nije na kamera, na kile kiwaya nikivute, umekumbuka alivyosema fundi. Unasema umemwambia bibi ashike pazia. Umekiweka kigoda katikati, mbele ya taa, umekaa, na unasema, "Mama, njoo. Sitikisiki."

Nakuja, mwanangu, usiruke, kaa hapo hapo ulipo, mimi naichukua kamera na hili sinia na